Nilivyoifuata Hisa ya Reli Iringa

Mmeniuliza kwenye grupu, mmenipigia simu, na mmoja wenu alinisimamisha nje ya kanisa nikiwa na sahani ya ubwabwa mkononi: "Mama Gwamaka, ile karatasi uliipata?" Kila mtu nimemjibu nusu nusu, kwa sababu kila nikianza kusimulia presha inapanda. Sasa naandika mara moja, msome wote, halafu tuliache. Habari za tiketi na maandalizi naziruka. Naanzia pale uvumilivu wangu ulipoanza kuisha, yaani mapema sana.

Kwa mlioingia grupu juzi: mimi nilikata tiketi za treni hapa Mbeya maisha yangu yote ya kazi, na tangu usichana nakusanya karatasi za kampuni za reli za karne ya kumi na tisa. Hati za hisa hasa. Ni karatasi kubwa, nzito, zimechorwa garimoshi katikati na mashada ya maua pembeni, utadhani kampuni inafungisha ndoa. Kampuni zenyewe zilikufa zamani huko Ulaya na Marekani, na hati zao leo hazimdai mtu kitu. Marehemu mume wangu aliziita takataka zenye urembo. Nyingi nimeletewa na wageni waliopita dirishani kwangu, tukabadilishana kwa vikapu na vitenge.

Lakini moja niliitamani kuliko zote, nayo ilikuwa ya Mama Jaya. Yeye na mumewe walikuwa na duka la vitambaa hapa mjini kabla hawajahamia Iringa, na sare zetu za kazini zilitoka kwao. Diwali moja alinikaribisha nyuma ya duka. Mbele ya picha ya Laxmi, mungu wao wa heri na mali, walikuwa wamepanga vitabu vipya vya hesabu vya mwaka unaoanza, na juu ya vitabu wamelaza hati ya hisa ya reli ya Bara Hindi. Babu wa mumewe aliinunua Bombay akaja nayo huku. Kampuni ikafa, karatasi ikabaki, na kila Diwali familia iliilaza pale na kuitia nukta moja ya unga mwekundu wanaouita kumkum. Upande wa kushoto ulikuwa umejaa nukta, za zamani zimefifia mpaka rangi ya kutu.

Na chini yake, jamani, zilikuwepo kuponi zote. Niwaeleze kuponi ni nini, maana hapa ndipo ugomvi ulipo. Ni vipande vidogo vyenye namba vilivyoshikamana na hati. Kila mwaka wa faida mwenye hisa anakata kimoja, anakipeleka ofisini kwa kampuni, anapewa gawio lake, yaani fungu lake la faida. Kwa hiyo hati nyingi za zamani zinatufikia zikiwa zimenyofolewa chini. Ile ya Mama Jaya haikuwa imekatwa hata kipande. Nilimwomba aniuzie. Akasema, "Laxmi hauzwi, dada." Nikanyamaza, ila moyo haukunyamaza.

Mwaka huu akapiga simu. Mzee wake ameshafariki, na yeye anahamia Dar kwa binti yake. "Njoo uichukue," akasema. "Siuzi, nakupa. Kishor mwanangu hana habari nayo, wajukuu ndiyo kabisa. Wewe unaipenda. Njoo kabla sijaondoka." Basi nikaondoka kufuata kitu kimoja tu, karatasi nzima, hisa na kuponi zake.

Iyunga hadi Rujewa

Basi lilinichukua hapa kwetu Iyunga, Mbeya, asubuhi, na nitasema haki, lilikuja kwa wakati. Hilo ndilo jema la mwisho nitakalolisema juu yake. Nilibeba mbao mbili nyepesi nilizozifunga pamoja kwa utepe, katikati nimeweka karatasi laini, ili hati isikunjike wakati wa kurudi. Konda akaziangalia.

"Mama, kioo kinakaa kwenye buti."

"Si kioo."

"Basi meza."

"Si meza. Ni mahali pa kubebea karatasi."

"Karatasi iko wapi?"

"Iko Iringa."

Akanitazama kwa huruma, akaniacha nikae nazo mapajani.

Tulipofika usawa wa Usangu basi likakata kona, likaiacha barabara kuu. Hakuna abiria aliyeambiwa kitu. Tukaingia Rujewa, tukasimama mbele ya mashine ya kukoboa mpunga, na mara magunia yakaanza kutoka ndani kuja kwetu.

"Konda, hapa tunafanya nini?"

"Tunapakia kidogo tu, mama. Dakika mbili."

"Hili ni basi la abiria."

"Na huo ni mchele wa abiria."

"Abiria yupi? Mnyooshee kidole nimwone!"

Konda akaanza kutazama juu, tukamsikia dereva anacheka kwenye usukani. Mchele ulikuwa wake. Nikasimama kwenye ngazi ya basi nikasema yote niliyokuwa nayo. Niliwaambia kwamba mimi ni mtu wa reli, na kwamba treni ya abiria haiwezi kuacha njia yake kwa sababu dereva amekumbuka kwamba kwake mchele umekwisha. Watu wakapiga makofi. Halafu wakashuka, wote, kwenda kununua mchele. Hata yule mama aliyepiga makofi kwa nguvu kuliko wengine alirudi na gunia dogo kichwani, akaniomba nimsogezee mbao zangu apate pa kuliweka. Nikabaki peke yangu kwenye ngazi na haki yangu.

Mwishowe njaa ikanishusha na mimi. Kwenye banda la pembeni nikaomba wali na maharage. Na wali wa Rujewa sina ugomvi nao, ulinukia vizuri hata kabla sijaufikia. Nilikuwa nimekula vijiko vichache tu basi likapiga honi. Dakika zile mbili zilikuwa zimegeuka nusu ya asubuhi, lakini sasa, mimi nikiwa na kijiko mdomoni, ndipo watu wote wakawa na haraka. Nilipanda na wali kwenye mfuko wa nailoni, nikaula kwa mkono barabarani, na maharage yakanimwagikia kwenye kitenge.

Rujewa hadi Ipogolo

Jirani yangu mpya kwenye kiti alikuwa bwana mmoja wa makamo, kavaa koti la suti juu ya fulana. Alikuwa amesikiliza mambo yangu yote na konda tangu Iyunga, akahamia kwangu.

"Samahani, mama. Nimesikia unafuata karatasi za reli."

"Ndiyo."

"Za zamani?"

"Karne ya kumi na tisa."

Akasogea, akashusha sauti. "Za Mjerumani."

"Za Mhindi. Reli ya Bara Hindi."

"Ah, hapo ndipo wanapowachanganya watu," akasema, na tangu hapo sikupata nafasi ya kupumua. Alinieleza kwamba Mjerumani alipokimbia alifukia masanduku ya rupia nchi hii yote, na kwamba sehemu zenyewe hakuzichora kwenye ramani, maana hata mtoto angezijua, bali alizificha kwenye makaratasi ya kawaida ambayo mtu angeyatupa. Yeye ana mashine ya kupimia. Ameshachimba sehemu kadhaa, na kila mara amekosea kidogo tu.

"Nijibu moja," akasema. "Hiyo karatasi ina alama nyekundu?"

Nami nilivyo mjinga wa kusema kweli nikajibu, "Ndiyo, ina nukta nyekundu upande wa kushoto."

Bwana yule alishika kiti cha mbele kwa mikono miwili. "Nukta nyekundu! Mama, hizo ni sehemu!"

Nikamweleza Diwali. Nikamweleza kumkum. Nikamweleza kwamba nukta zile zimetiwa na familia ya wauza vitambaa, kwa kidole, mmoja baada ya mwingine, na kwamba hakuna Mjerumani aliyewahi kuigusa. Alikuwa anaitikia kwa kichwa kama daktari anayemsikiliza mgonjwa asiyejua anaumwa nini. Nilipoanza kumweleza kuponi akaangalia nje dirishani. Kuponi hazikumhusu.

Makambako upepo ulikuwa mkali, na wauzaji wakajaa chini ya madirisha. Niliomba hindi la kuchoma nikapewa mayai, na kabla sijarudisha basi likaanza kutembea. Bwana wa rupia alikuwa anashuka pale. Alichomoa kalamu mfukoni na, bila hata kuniomba, akaandika namba yake ya simu kwenye ubao wangu, kwa wino, kwa herufi kubwa. "Nusu kwa nusu," akaniambia, akashuka. Nilipiga kelele. Kelele zangu ziliishia kwenye kioo. Niliyamenya yale mayai kwa hasira hadi Mafinga, na yenyewe hayakuwa yameiva.

Konda alikuwa ameapa Iyunga kwamba basi linapanda hadi Iringa mjini. Tulipofika Ipogolo, chini ya mlima, akafungua mlango.

"Wa Iringa, mmefika."

"Mjini ni kule juu!"

"Na hapa ni Iringa, mama. Hujaona kibao?"

Nilishuka na mbao zangu na madoa ya maharage kwenye kitenge, nikapanda mlima kwa bajaji. Nilijiambia kwamba nikishaishika ile hati haya yote nitayasahau.

Iringa

Mama Jaya anakaa juu ya duka lao. Nilimkuta kwenye kiti chake, amevaa sari nyeupe ya ujane, amepungua, ila sauti ni ile ile. "Umekonda, Mama Gwamaka," akasema. Uongo mtupu, lakini nilihitaji kusikia kitu kizuri. Nikaletewa chai ya maziwa yenye tangawizi kali na kachori za moto, nikala bila aibu. Akaniuliza habari za Mbeya, duka lao la zamani linauza nini sasa, nani amekufa. Halafu akainuka kwenda chumba cha sala. Alisema anafuata kopo la kumkum, kwa sababu kabla hajanikabidhi hati anataka kuitia nukta ya mwisho, ya kuagana nayo.

Alipotoka tu, Kishor akapandisha ngazi kutoka dukani. Ni mtu mzima sasa, kichwa kimeanza mvi, mpole tangu utoto.

"Aunti, leo utafurahi," akasema. "Nimekutengenezea."

Akaingia ndani akarudi ameishika kwa mikono miwili.

Ilikuwa inang'aa. Taa ya sebuleni ilikuwa imekaa juu yake yote, mpaka uinamishe kichwa ndipo ulione garimoshi. Ilikuwa imelaminetiwa.

Jamani, mnatujua. Cheti cha ubatizo tunalamineti. Cheti cha darasa la saba tunalamineti. Cha ndoa, cha ufundi cherehani, hata kadi ya kliniki ya mtoto. Nchi hii kitu hakijaheshimiwa mpaka kivae plastiki. Lakini plastiki ile inabandikwa kwa moto, na ikishashika karatasi haiachi. Ukijaribu kuivua, unavua na garimoshi na maua na nukta zote. Karatasi iliyovuka bahari, ikavuka vita viwili, ikasalimika na mchwa na mvua za Mbeya, imekwenda kuzibwa pumzi kwenye steshenari mchana kweupe.

Nikaangalia chini. Hati ilikuwa inaishia pale ambapo haikutakiwa kuishia.

"Kishor. Kuponi ziko wapi?"

"Zipi?"

"Vile vipande vya chini vyenye namba!"

"Ah, vile. Vilizidi, aunti. Mashine inachukua saizi yake tu. Yule dada wa steshenari akavipunguza, akanyoosha na pembeni kidogo."

Sitawaandikia niliyoyasema. Mengine yalikuwa Kinyakyusa, na nashukuru. Nilisema kwamba mwizi angekuwa na huruma zaidi, maana mwizi angeiba nzima. Nilisema kwamba steshenari ile ifungwe na mashine yake itupwe mtoni. Kishor alisimama na ile plastiki mikononi, uso umemshuka.

"Nimeipeleka kwa heshima," akasema, akiilaza mezani. "Nimesimama pale pale mpaka ikaisha, nisije nikaipoteza. Nilimwambia weka plastiki nzito."

Mama Jaya akatoka na kopo lake. Alikuwa amesikia kelele lakini hakujua za nini. Akaiona hati mezani, akadhani mng'ao ule ni wa taa tu, akachovya kidole cha pete kwenye unga, akakibonyeza upande wa kushoto, chini ya nukta ya mwaka jana. Akainua kidole. Unga ukakaa kidogo. Alipoinamisha hati aitazame, ukateleza wote, ukaangukia kitambaa cha meza.

Akajaribu tena, safari hii kwa tone la maji. Likawa tone jekundu linalotembea tembea juu ya plastiki, halishiki popote. Akalifuta kwa kona ya sari.

Alimwambia Kishor maneno machache ya Kigujarati. Kishor akakaa chini. "Ba, samahani," akasema, maana Ba ndivyo wanavyomwita mama.

"Haishiki," Mama Jaya akaniambia mimi.

Tulikaa pale vikongwe wawili wenye hasira, karatasi moja katikati. Kachori zikapoa. Mimi nilikuwa nalia kuponi na yeye alikuwa analia kitu kingine, na sikumuuliza, kwa sababu nilidhani msiba wangu ndio mkubwa.

"Vile vipande havijavaa plastiki," nikasema. "Kesho asubuhi navifuata."

"Tunavifuata," akasema.

Iringa hadi Ilula

Steshenari ilikuwa imefungwa. Fundi viatu wa jirani akatuambia mwenye nayo, Mama Upendo, msimu wa nyanya hakai sana mjini, yuko kwao Ilula anapakia mzigo. Kishor akaleta gari. Nilitaka Mama Jaya apumzike nyumbani, akanijibu kwa kufungua mlango wa mbele na kukaa, mkoba mapajani. Nilikaa nyuma na mbao zangu zenye namba ya simu ya mchimba rupia.

Ilula tulipopunguza mwendo wauza nyanya wakatuvamia na ndoo. Nikashusha kioo nikasema hatununui, tunatafuta makaratasi. Mama mmoja akaniambia makaratasi hana ila vitunguu anavyo. Mwingine akaanza kumimina nyanya kwenye buti kabla Kishor hajazima gari, na ikabidi zihesabiwe kurudi ndooni. Nilikuwa nimefika mahali ambapo hata nyanya zilinikera.

Mama Upendo tulimkuta kando ya Fuso, kitenge amejifunga kiunoni, anasimamia matenga yakipandishwa. Alipomwona Kishor uso ukachanua.

"Kamwene, kaka! Kamweneni, mama zangu! Enhee, ile kazi mmeipenda?"

Mniombee, kwa sababu nilimjibu salamu kwanza. Kisha nikamuuliza vile vipande alivyovikata chini ya karatasi alivitupa wapi.

"Vile vyenye namba? Nitupe vile!" akasema. "Viko kazini."

Akanyoosha mkono kwenye matenga. Kila tenga la kwake lilikuwa na kifuko kidogo cha nailoni kilichofungwa kwa kamba ya katani, na ndani ya kifuko, ilikuwepo kuponi, imechorwa garimoshi dogo linalotoa moshi. Alinieleza kwa furaha kabisa. Fuso linabeba nyanya za kina mama wengi kwenda kwa dalali mmoja Dar, na matenga yanafanana. Wakiandika kwa kalamu ya maka, mvua inafuta. Wakifunga vitambaa, vinadondoka. Lakini makaratasi haya ni magumu, na namba zimeshachapwa kwa mpangilio, hairudiwi hata moja. Anampigia dalali simu anamtajia namba, basi. "Aliyetengeneza vile vipande," akasema, "alikuwa mtu wa biashara."

"Vingine viko wapi?"

"Vimeshakwenda na gari la juzi."

Nilikwenda kwenye Fuso. Mbele yangu kulikuwa na tenga lililokuwa zamu yake kupandishwa, na kwenye tenga kuponi namba kumi na moja, safi, haina hata kunyanzi. Nikaishika kamba.

"Mama, usitoe namba!" Mama Upendo akanikimbilia. "Likifika halina namba ni la yeyote!"

"Nitakuandikia nyingine!" nikamwambia. "Namba ile ile! Kishor, tafuta boksi na maka! Nitaandika zote, kubwa, na nitazitia nailoni mwenyewe, lakini hizi ni za kwangu. Hizi ni karatasi za karne ya kumi na tisa, mama, hazijawahi kuguswa na mkasi tangu zitoke mashineni, mpaka zilipofika kwako!"

Mama Upendo akaniangalia, akaangalia tenga, akatikisa mabega. Akasema kama namba ni ile ile, sawa. Kishor alikuwa ameshapata boksi. Wapakiaji walisubiri. Nilikuwa nimeanza kufungua fundo kwa meno.

"Acha," Mama Jaya akasema.

Alikuwa ameshuka garini peke yake, amesimama nyuma yangu ameshika mkoba. Akasogea mpaka kwenye tenga, akainama, akaitazama kuponi kwa muda.

"Imekatwa," akasema.

"Ndiyo, Mama! Ndicho ninachokisema tangu jana!"

"Imekatwa, na inafanya biashara."

Nikamwambia kama inafanya biashara basi inafanya biashara ya nyanya. Hakunijali. Akaniambia, polepole, mbele ya watu wote wale:

"Babu wa mume wangu aliuza bangili za mkewe akanunua hisa hii. Kuponi ni ya kukatwa, dada. Unaikata, unaipeleka, unaleta kitu nyumbani. Yeye alingoja, hakukata hata moja. Baba mkwe hakukata. Mume wangu hakukata. Wewe unafikiri kila Diwali tulikuwa tunatia nukta ya nini? Tulikuwa tunaomba ikatwe." Kisha akasema, "Hiyo nzima unayoipenda wewe ni hasara yetu."

Kamba ilikuwa bado mkononi mwangu. Nikaiachia. Karatasi hizi nimezikusanya miaka mingi kuliko umri wa watoto wangu, na nimejisifu kwenu mara ngapi kwa zile ambazo hazijakatwa. Sikuwahi kufikiria kwamba mahali fulani kulikuwa na nyumba ya watu, na kila kipande kilichobaki kilikuwa mwaka ambao hawakupewa kitu. Niliona aibu, halafu aibu ikanikasirisha, kwa sababu nilikuwa nimesafiri na mbao mapajani kutoka Mbeya na sikuwa nimekuja kuambiwa hivyo kwenye maegesho ya Fuso.

"Bado ni zako," nikamwambia. "Hujanikabidhi. Sema wewe."

Akafungua mkoba, akatoa kopo. Akakitoa kipande kwenye kifuko chake, akachovya kidole, akakibonyeza juu ya garimoshi. Akakiinamisha. Nukta ikabaki pale pale, nyekundu. Akakirudisha kwenye kifuko, akaifunga kamba kwa mafundo mawili. Kisha akazunguka tenga moja baada ya jingine, Mama Upendo akimshikilia kiwiko bila kuelewa kitu, mpaka kila kuponi iliyokuwa pale ikapata yake. Dereva akapiga honi. Matenga yakapanda. Namba kumi na moja nikaiangalia mpaka turubai lilipoifunika.

Mama Upendo alikuwa ameona machozi ya Mama Jaya akadhani ni yeye aliyemuudhi. Akachota nyanya kwenye ndoo kwa mikono miwili, nzuri, zilizoiva kwenye mche, akasema, "Bibi, chukua za mboga. Nisamehe kama niliharibu."

Mama Jaya akatandaza ncha ya sari yake nyeupe, akazipokea zote kifuani. Kishor akataka kuziweka kwenye buti, akakataa. Alikaa nazo mapajani garini, anazigeuza moja moja.

"Kishor," akasema, "gawio."

Kishor akaegesha pembeni, kwa sababu alikuwa haoni njia.

Nami nilikuwa nyuma, nimevimba, mbao zangu tupu. Ile hati ya plastiki ninayo, iko hapa Iyunga, haina kuponi hata moja, na mkusanyaji yeyote akiiona atasema ni takataka. Steshenari ile bado naichukia. Konda yule nikikutana naye atanikumbuka. Lakini mmeniuliza kama niliipata, na jibu ni kwamba Mama Jaya aligeuka kwenye kiti cha mbele, akachagua nyanya moja, kubwa kuliko zote, akaninyooshea.

"Hii ni yako," akasema. "Mwenye hisa sasa ni wewe."

Nikaila pale pale, na hasira zangu zote, bila hata kuiosha.